Aliyefunga Maji Mwezi wa Kumi

"Hivi gari la Jarkko wako linasafishwa kioo au linakunywa?" Shangazi Helvi aliuliza huku akipanga mikate myeusi kwenye rafu. "Asubuhi amebeba madumu matatu ya maji ya bluu. Matatu! Nikamwambia, baba, kioo chako ni cha kanisa?"

Outi alikuwa amesimama kwenye kaunta na kikombe cha kahawa, ovaroli yake ya ufundi bomba ikiwa na tope hadi magotini. Alikiweka kikombe chini taratibu.

"Matatu?"

"Matatu. Kalipa haraka-haraka kama anafukuzwa, hata andazi lake la iliki kalisahau hapa. Hilo hapo ulipoegemea."

"Alisema ni ya nini?"

"Mimi ni muuza duka, siyo padri. Watu hawaungami hapa." Helvi akacheka peke yake. Halafu kicheko kikakatika, akabaki na mkate mkononi akimtazama mtoto wa kaka yake. "Ee Mungu wangu. Outi."

Kwetu Kuikkaniemi hakuna asiyejua habari ya maji ya bluu. Ni ya kuoshea kioo cha gari, hayagandi, na dumu moja linakufikisha Krismasi. Lakini mtu akinunua madumu matatu mwezi wa kumi, anakwenda kuyamimina chooni, kwenye masinki na kwenye shimo la maji la sauna, yaani bafu la mvuke, ili kona za mabomba zisigande na kupasuka. Anafunga nyumba. Anarudi mjini mpaka Mei, kama wanavyofanya wenye nyumba za mapumziko wote kando ya ziwa letu. Mtu anayekaa baridi yote hana haja nayo, kwa sababu maji yake yanatumika kila siku.

Na Jarkko alikuwa amesema anakaa.

Outi akatoa simu mfukoni, akapiga palepale.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Napasua kuni."

"Shangazi anasema umenunua maji ya bluu."

Upande wa pili shoka halikusikika, wala kuni.

"Ya gari," Jarkko akasema. "Yalikuwa yamepunguzwa bei."

"Sawa," Outi akajibu, akakata.

Shangazi Helvi, aliyekuwa amesikia kila neno bila aibu yoyote, akatikisa kichwa. Duka lile halijawahi kupunguza bei ya kitu chochote tangu alipolirithi kwa mama yake, na kijiji kizima ni mashahidi.

"Mpigie tena," akasema. "Muulize vizuri."

"Nimeshauliza."

"Muulize mara ya pili!"

"Shangazi, mimi siulizi mtu mara mbili."

Hilo ndilo gonjwa letu sisi watu wa ziwani. Tunauliza mara moja, tunajibiwa mara moja, na jibu likiwa la uongo tunakaa nalo kifuani kama jiwe. Nimeona ndoa zikivunjika hapa bila mtu kupaza sauti hata kidogo.

Tatizo halikuwa mapenzi peke yake. Helvi alikuwa amechoka, miguu imevimba, na alikuwa ametangaza kwamba mwaka ukiisha anafunga duka. Shule ilishafungwa, posta ilishaondoka, basi lilikuwa linakuja siku za soko tu. Likifungwa duka, mtu wa Kuikkaniemi atakwenda kununua chumvi kwa safari ya saa nzima. Outi akasema nitalichukua mimi. Lakini fundi bomba hawezi kuwa chini ya sinki la mtu na nyuma ya kaunta kwa wakati mmoja. Hapo ndipo Jarkko alipoingia kwenye hesabu.

Jarkko alikuwa mchoraji ramani wa Helsinki, mwanaume wa miaka arobaini na ushee, ameachika, mpole, kazi yake yote iko ndani ya kompyuta. Alirithi nyumba ya ziwani kwa mjomba wake. Kiangazi cha kwanza pampu yake iliharibika, Outi akaja kuitengeneza, na baada ya hapo pampu ile iliharibika mara nyingi kuliko pampu yoyote niliyowahi kuisikia. Kiangazi cha pili hawakuhitaji kisingizio tena. Mwezi wa nane, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za sauna wamejifunga taulo, Jarkko akasema mwenyewe, bila kuulizwa: baridi hii siondoki, asubuhi nakaa dukani mimi, mchana nachora ramani zangu chumba cha nyuma, wewe endelea na mabomba yako. Wiki ileile Outi akaikataa kazi ya mjini Kuopio, kazi nzuri yenye gari la kampuni.

Sasa mjue alichokuwa anafikiria alipotoka dukani siku ile na andazi la mtu mfukoni.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo. Kila mwaka kabla ziwa halijaganda tunaivuta nchi kavu ile gati ya mbao ya kuogelea, maana barafu ikiikuta majini inaivunja. Wanakuja wanakijiji, na wanakuja wenye nyumba za mapumziko waliobaki, na viatu vyao vya mpira vinavyong'aa. Taisto mfugaji analeta trekta. Helvi anapika supu ya njegere.

Gati ikatoka. Tukakaa kwenye mabenchi na mabakuli yetu, na kama kawaida amani haikufika mwisho wa supu.

"Taisto, ndugu yangu," akaanza yule mama mwenye nyumba ya vioo pale rasini, "samadi yako mwaka huu ulimwaga wiki ileile niliyokuwa na wageni."

"Ng'ombe wangu hawana kalenda yako, mama."

"Tunakuja huku kupumua hewa safi!"

"Hiyo ndiyo hewa ya huku. Maziwa unayotia kwenye kahawa yametoka kwenye harufu hiyohiyo."

"Maziwa anakuja nayo kutoka mjini," Helvi akadakia akiwa na upawa. "Kwangu ananunua mfuko wa mkaa na kiberiti. Gari likija limejaa chakula kama anakwenda vitani."

Mama wa nyumba ya vioo akawa mwekundu. "Na barabara mnayopita, inaondolewa theluji kwa kodi ya nani? Nalipa kodi kama ninyi, na kura sipigi huku. Nikisema neno kwenye mkutano naambiwa mimi ni mgeni. Miaka ishirini mimi ni mgeni!"

Hapo pakatulia kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na Helvi naye alikuwa amesema kweli.

"Jamani, msimtukane mama mpaka nimalize kufunga maji yake," Outi akasema. "Mimi nalishwa na masinki yao. Wasingekuwepo, ningekuwa Kuopio zamani."

Watu wakacheka, mama akacheka pia, akaongezewa supu. Ndipo Taisto akasimama na mkono wenye grisi akampiga Jarkko bega.

"Lakini mmoja tumemteka! Huyu harudi. Nimeshamwekea kuni kavu za kumtosha mpaka majira ya joto. Jarkko, karibu upande wa pili wa theluji!"

Mabakuli yakagongwa kwa vijiko. Wazee wawili wakavua kofia. Hebu fikiria kijiji ambacho kila mwaka kinazika watu na kuaga vijana, leo kimepata mtu mzima mmoja mwenye afya na mtandao wa kompyuta! Hata mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jarkko akatazama kijiko chake. "Asante," akasema. "Asanteni sana."

Basi.

Outi alimwona akipokea makofi yale na kuyameza. Nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikaona taya linavyokaza. Aliliweka bakuli pembeni.

"Jarkko," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kupanga kazi. "Nije lini kukufungia maji?"

Jarkko akaacha kijiko.

"Outi..."

"Nina nyumba nyingi wiki ijayo. Nataka kujua nikupange siku gani."

Jarkko akainua uso. Alikuwa amepauka. "Nimeshafunga mwenyewe," akasema. "Jana."

Taisto akauondoa mkono wake begani mwa Jarkko. Akaenda kulizima trekta ambalo lilikuwa limezimwa tayari.

*

Wengine tuliondoka kwa heshima, yaani tulikwenda kuosha mabakuli mahali ambapo bado tunasikia.

"Ulitaka kuniambia lini?" Outi aliuliza.

"Kesho. Kabla ya kuondoka."

"Ukiwa ndani ya gari, injini inaunguruma."

"Sikujua niseme vipi."

"Ulijua kusema vizuri sana mwezi wa nane. Nakaa, ulisema. Neno moja, halina ugumu wowote."

Jarkko akakaa juu ya gati iliyokuwa bado inachuruzika maji. "Wiki iliyopita niliamka asubuhi nikatoka nje. Majani yote yamekwisha. Nikatazama ziwa zima, kila nyumba dirisha limezibwa. Moshi ulikuwa wangu peke yangu. Nikaogopa, Outi. Nikajiona nimezikwa humo mpaka Mei."

"Ungenipigia."

"Nikwambie kwamba mwanaume mzima anaogopa mwezi wa kumi? Wewe uliyezaliwa humu?"

"Ndiyo! Hicho ndicho ungeniambia!"

"Nilikupenda hapa. Kila kitu kilikuwa kizuri. Ziwa, sauna, jua halizami..."

"Wewe ulipenda mwezi wa saba," Outi akamkata. Sauti ilianza kumtetemeka, na sijawahi kuisikia ikitetemeka hata alipomzika baba yake. "Mimi mwezi wa saba sipo, Jarkko. Mwezi wa saba niko chini ya masinki ya watu tangu asubuhi, wewe unanipata jioni nikiwa nimekwisha. Mimi naishi Novemba. Mimi naishi Februari. Hapo ndipo nina nafasi ya kupendwa, na hapo ndipo wewe unafunga maji."

"Naweza kuja wikiendi."

"Hilo hata mama wa vioo analiweza."

"Njoo wewe Helsinki, basi."

"Nije kufanya nini? Nikae kwako nikingoje Mei, kama pampu?"

Outi akatoa andazi mfukoni, limekauka kama tofali, akaliweka juu ya gati pembeni yake.

"Ulilisahau dukani," akasema, akaondoka zake bila kugeuka nyuma.

Jumapili tuliliona gari la Jarkko likipita. Hakuna aliyempungia mkono, na sisi kwetu hata mgeni wa kupita njia tunampungia.

*

Novemba kwetu haina theluji ya maana wala jua la maana. Outi alimaliza kufunga nyumba za wateja. Jioni moja ya baridi kali iliyokuja kabla ya wakati, akirudi kutoka rasini, akapita kwenye njia ya kwa Jarkko. Aliniambia baadaye kwamba gari lilikata kona lenyewe. Mimi nimeendesha gari miaka mingi na halijawahi kukata kona lenyewe.

Alizunguka nyumba na tochi, macho ya fundi yakakagua. Pampu imezimwa, sawa. Dirisha la sauna limezibwa, sawa. Akainama chini ya sakafu upande wa ziwani, ilipo koki ya chini kabisa, ile ambayo lazima ibaki wazi ili maji yote yaliyomo kwenye mabomba yatoke.

Ilikuwa imefungwa.

Jarkko alikuwa amemimina maji yake ya bluu kote, amezima kila kitu, na mabomba ameyaacha yamejaa. Mtu anayefunga maji kwa kujificha hana wa kumuuliza. Siku mbili zaidi za baridi ile na mabomba yote yangepasuka ndani ya kuta, sakafu iloe, nyumba ya mjomba ioze.

Outi alichuchumaa pale chini kwa muda. Kumwacha avune alichopanda lilikuwa jambo rahisi kabisa, hata kuinuka kulikuwa hakuhitaji nguvu nyingi. Alivua glavu, akashika ile koki kwa mkono mtupu mpaka chuma kikalegea, akaifungua. Maji yakaanza kutoka, mwanzo matone, kisha mkondo, yakishuka kwenye mawe kuelekea ziwani. Alibaki pale mpaka yalipokwisha. Alilia pia, kwa nini nifiche, alilia kama mtu yeyote.

Halafu akaandika ujumbe:

"Koki ya chini uliiacha imefungwa. Nimeifungua. Mabomba ni mazima. Usijibu."

Na kweli hakujibu. Si nimewaambia gonjwa letu? Lilishamwambukiza na yeye.

Kesho yake Outi aliingia dukani kabla halijafunguliwa.

"Shangazi, nalichukua duka."

Helvi akavua miwani. "Na nani?"

"Na mimi."

"Na mabomba?"

"Mchana nitafunga mlango, nitaandika kwenye karatasi niko wapi. Watu watangoja. Watu wa hapa wanajua kungoja."

"Mwanangu, kama unafanya hivi ili akisikia aumie..."

"Sifanyi kwa ajili yake, wala sitaacha kwa ajili yake. Naishi hapa, Shangazi. Nataka mahali ninapoishi pawe na maziwa."

Na akafanya jambo ambalo sisi wengine, pamoja na kulalamika kwetu kote, hatukuwahi kulifikiria. Namba za wenye nyumba za ziwani alikuwa nazo zote, si fundi wao? Akawaandikia kila mmoja: mkitaka kuja baridi hii, niambieni siku mbili kabla. Nitafungua maji, nitawasha jiko, na chakula kutoka dukani kitakuwa mezani. Msibebe kitu.

Siku tatu kimya. Sisi tukacheka kwa siri. Siku ya nne simu yake ikalia, ujumbe wa mama wa nyumba ya vioo:

"Outi mpenzi, nakuja Krismasi na wajukuu. Niwekee samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi, na maziwa. Ya Taisto, tafadhali."

Helvi aliusoma ule ujumbe kwa sauti mara kadhaa, kila aliyeingia akasomewa. Taisto alijifanya hajali, lakini maziwa yale aliyaleta mwenyewe, amechana na nywele.

*

Januari, mchana ambao kwetu tayari ni giza, baridi ya kufanya pua ishikane ndani, kengele ya mlango wa duka ikalia. Aliyeingia alikuwa na nyusi nyeupe kwa barafu na sanduku la safari mkononi.

Outi alikuwa anapima mchele. Hakumwaga hata punje moja, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Nyumba yako haina maji," akasema.

"Najua. Siendi kule." Jarkko alivua kofia. "Nimepanga chumba nyuma ya zahanati. Nimejiandikisha mkazi, kodi yangu na kura yangu viko huku. Kazi wameniruhusu kuifanyia huku."

"Chumba cha nani?"

Kule kwenye kona ya kahawa Shangazi Helvi aligundua ghafla kwamba kiatu chake kina kamba.

"Shangazi! Kile chumba ni chako. Ulijua?"

"Mimi ni muuza duka mstaafu," Helvi akasema chini ya meza, "siyo padri. Kaja mtu anataka kupanga, nimepangisha."

Outi akamgeukia Jarkko. "Kwa nini usikae kwenye nyumba yako, yenye sauna na ziwa?"

"Kwa sababu pale ndipo nilipokosea." Alisema polepole, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake njia nzima. "Nilisimama kule, nikaona taa zote zimezimwa, nikadhani kijiji kimekufa. Kumbe kijiji hakijawahi kuwa kule. Kiko huku barabarani, kwenye madirisha yenu. Nilikuja viangazi viwili na sikuwahi kuyaona madirisha yenu yakiwaka, kwa sababu usiku wa kiangazi hauna giza."

"Umekuja kwa ajili yangu?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilidanganya kuhusu maji ya bluu. Nilipokea makofi ambayo si yangu. Ukinisamehe nitashukuru, na usiponisamehe bado nitakaa, nitakuwa nanunua mkate hapa."

Duka zima, yaani Helvi, Taisto na mimi, tuliacha kupumua.

Outi akachukua koleo la theluji lililoegemea mlango, akampa.

"Ngazi za nje zimejaa," akasema. "Wazee wataanguka."

Jarkko akatoka kwenda kuzisafisha. Alizisafisha siku ile na ya kesho yake na ya kesho kutwa. Februari akaanza kukaa kaunta Outi akiitwa kwenye bomba lililoganda. Alikosea bei, alimuuzia Taisto chakula cha paka badala ya dagaa, akachekwa mpaka akazoea. Mapema Machi nilimwona Outi akimfuta masizi usoni kwa kidole, akadhani hakuna anayetazama. Wakarudiana polepole, bila tangazo.

Kiangazi kikaja, wageni wakaja, Outi akapotea chini ya masinki. Safari hii Jarkko ndiye aliyekuwa akimngoja jioni na chakula, akiwa hoi kama yeye.

*

Halafu mwezi wa kumi.

Asubuhi moja Jarkko aliingia dukani akitokea nje, akazunguka upande wa wateja, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Naomba madumu matatu ya maji ya bluu."

Helvi kahawa ikampalia. Outi alisimama vilevile, mikono juu ya kaunta, na rangi ikamtoka usoni.

"Ya gari?" akauliza.

"Hapana. Ya nyumba ya ziwani. Nataka kuifunga mpaka Mei." Jarkko akaweka pesa juu ya kaunta. "Lakini koki ya chini siijui vizuri. Na fundi ninayemwamini ana duka la kuendesha."

Outi akavua aproni, akamrushia Shangazi, akachukua kisanduku cha vifaa.

Kule ziwani alimpigisha magoti chini ya sakafu, kwenye matope, na tochi mdomoni.

"Kushoto," akasema. "Usilazimishe. Iache ilegee."

Maji yakatoka. Wakakaa wawili kwenye mawe wakiyasikiliza yanavyoshuka.

"Hii sasa ndiyo nyumba yangu ya pili," Jarkko akasema. "Nitakuja kupumzika kiangazi, kama watu wengine."

"Na ya kwanza ni ipi? Chumba cha Shangazi?"

"Shangazi kanifukuza. Anasema anakitaka chumba chake mwisho wa mwezi, na sababu hataki kusema."

Outi akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Jarkko, unakaa?"

"Nakaa."

Maji yalikuwa yamekwisha, limebaki tone moja moja. Outi, mtoto wa watu wasiouliza mara mbili, akauliza mara ya pili.

"Unakaa?"

"Nakaa, Outi. Na wewe, kwako, mpaka unichoke. Nataka tufunge ndoa."

"Lini?"

"Mwezi ujao."

"Novemba? Nani anaoa Novemba? Hakuna maua, hakuna jua, hata theluji..."

"Uliniambia unaishi Novemba."

Basi wakaoana Novemba, mvua ikichanganyika na barafu, kanisa limejaa makoti yanayonuka sufu mbichi. Sisi tulidhani tutakuwa wenyewe kwa wenyewe. Lakini alasiri taa za magari zikaonekana barabarani, moja baada ya nyingine, na wakashuka wenye nyumba za ziwani na zawadi zao, wamesafiri nusu siku kuja kumwona fundi wao akiolewa. Ndipo tukakumbuka: maji yao yote Outi alikuwa ameshayafunga, na bi harusi hawezi kuitwa kwenye koki.

Kwa hiyo walilala kwetu. Kila sebule ya Kuikkaniemi ilikuwa na godoro chini usiku ule. Mama wa nyumba ya vioo alilala kwa Taisto, chumba cha upande wa zizi, na asubuhi alikuja dukani amevaa koti la kazi la Taisto, akanunua mkate, maziwa na siagi, akasema alilala vizuri sana.